Barua ya wazi kwa TAMISEMI: Kabla hatujachimba msingi mwingine, tuandikiane

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi anayehusika na TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Kwa Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri za Wilaya. Na kwa Waheshimiwa Madiwani.

YAH: MABOMA YANAYOJENGWA KWA NGUVU ZA WANANCHI

Mheshimiwa Waziri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkulima wa pamba na mahindi, na ni mjumbe wa kamati ya ujenzi ya shule ya msingi ya kijiji chetu huku Kanda ya Ziwa. Jina la kijiji na la wilaya nimeyaacha makusudi. Nikiyataja, barua hii itageuka kesi ya mkurugenzi mmoja, ataandikiwa barua ya kujieleza, na jambo litaishia hapo. Ninalolisema liko kila mahali. Anayesafiri kwa basi katika mikoa yetu akichungulia dirishani atayaona: kuta za tofali za kuchoma zimesimama bila paa, madirisha wazi, nyasi zimeota ndani. Kila Mtanzania anajua yale ni nini: ni maboma. Ni darasa, zahanati au nyumba ya mwalimu ambayo wananchi waliinyanyua mpaka kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, wakaambiwa hapo walipofika panatosha, serikali itapaua.

Ombi langu ni moja na nalitaja sasa hivi, maana najua ofisini kwenu karatasi ni nyingi. Kabla kijiji hakijachimba msingi, halmashauri iandikiane nacho. Iwe hati fupi, yenye sahihi ya mkurugenzi na ya mwenyekiti wa kijiji, inayosema sisi tutaleta nini, ninyi mtaleta nini, na lini. Leo hati hiyo haipo. Kuna ahadi ya mdomo iliyotolewa mkutanoni, mara nyingi na mtu ambaye ameshahamishwa.

Niruhusu nieleze boma linavyojengwa, kwa sababu wengi mnaoamua mambo haya hufika siku ya kukata utepe. Mkutano mkuu wa kijiji unakaa, unakubaliana kila kaya italeta nini. Wanaume wanapasua mawe na kuchoma matanuri ya tofali. Wanawake wanabeba mchanga kutoka mtoni na maji kutoka kisimani, na ukiniuliza mimi, hao ndio wanaojenga. Sisi wengine tunasaidia. Fedha taslimu hutoka baada ya kuuza pamba, nazo zinakwenda kwenye saruji, nondo na malipo ya fundi. Vyote vinaandikwa kwenye kauntabuku moja anayoitunza mtendaji wa kijiji.

Laiti mngeifungua ile kauntabuku. Safu zimechorwa kwa rula: jina la mkuu wa kaya, mchanga, mawe, maji, fedha, sahihi. Asiyejua kuandika ameweka dole gumba. Kuna mstari wa mama mmoja mjane ambao safu ya fedha ina kistari tu, lakini pembeni mtendaji kaandika kwa mwandiko mdogo: “maji zamu tatu, amepikia mafundi uji.” Mwingine kaandikiwa tofali kutoka kwenye tanuri alilokuwa amelichoma kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe. Hizo ndizo hesabu zetu. Hakuna nakala wilayani. Mtendaji akihamishwa anakabidhi muhuri, kiti na majalada, na kauntabuku huenda ikabidhiwe, huenda isikabidhiwe.

Sasa linganisheni na fedha zenu. Zikija fedha za serikali kujenga darasa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi, shule inatakiwa kuunda kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi na kamati ya ujenzi. Kila mfuko wa saruji una risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Mkaguzi wa ndani anakuja, na baadaye wanakuja watu wa CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ni sawa kabisa, fedha ya umma ni ya kulindwa. Ila mchanga uliobebwa kichwani na mama yule haumo kwenye kitabu chochote cha serikali. Ukipotea haukuibwa, maana haujawahi kuwapo.

Na mchango huo si mdogo. Mwishoni mwa mwaka 2021, serikali ilipopata mkopo wa Shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya mpango wa UVIKO-19, ilijenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama. Kila darasa lilipangiwa Shilingi milioni 20. Mwaka uliofuata yakaja mengine 8,000 kwa Shilingi bilioni 160, bei ile ile. Kwa upande wa pili, fedha zilizokuwa zikitumwa katika halmashauri nyingi kukamilisha boma moja la darasa zilikuwa Shilingi milioni 12.5. Toeni wenyewe. Inabaki milioni 7.5, na hiyo ndiyo sehemu ya mwananchi kwa kipimo cha serikali yenyewe. Bei za bati na saruji zimepanda tangu hapo na ramani zimebadilika, kwa hiyo sitaapa kwa tarakimu hiyo. Lakini anayeleta zaidi ya theluthi ya mtaji, popote pale duniani, anaitwa mbia. Sisi tunaitwa wahamasishwaji.

Mbia hupewa karatasi. Na kisheria hakuna kinachozuia. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, inaitambua halmashauri ya kijiji kilichosajiliwa kuwa chombo chenye uwezo wa kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Kampuni ya simu ikitaka kusimika mnara kwenye ardhi ya kijiji inaleta mkataba, tena mnene, na mwenyekiti anasaini kila ukurasa. Katiba nayo, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi na kuwashirikisha katika mipango ya maendeleo ya sehemu zao. Haijasema tushirikishwe kwenye mchanga tu, halafu ratiba tusiijue.

Nieleze lililotupata. Watoto wetu wa darasa la kwanza na la pili walikuwa wanavuka mto kwenda shule mama. Masika mto ukijaa hawaendi, na wakienda mzazi hatulii mpaka jioni. Tukaamua kuanzisha shule shikizi upande wetu. Tuliandika muhtasari wa kikao, tukaupeleka kata, kata ikaupeleka wilayani. Jibu la maandishi halikuja. Lilikuja la mdomo: anzeni, mkifika lenta serikali itawaunga mkono. Tukaanza, tukafika lenta.

Mhandisi alifika kuta zikiwa zimeshasimama, na mvua za vuli zimeshazipiga. Alishuka kwenye gari, akazunguka boma, akagonga ukuta kwa funguo zake kona mbili tatu, akapima upana wa msingi. Akasema msingi ni mwembamba, hauna mkanda wa nondo, na kenchi za ramani ya sasa hauwezi kuzibeba. Kitaalamu simbishii. Huenda alikuwa na haki kabisa. Ninachouliza ni kwa nini aliitwa kuona ukuta badala ya kuitwa kuona shimo. Siku msingi ulipokuwa umechimbwa, kabla jiwe la kwanza halijaingia, angehitaji nusu saa kutuambia tuongeze upana na tuweke nondo. Gharama ingekuwa nondo kadhaa na mifuko ya saruji. Baada ya kuta kusimama, gharama yake ni imani ya watu wote wa kijiji, na ile haina duka.

Boma likabaki vile. Tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo haziwezi kukaa na mvua bila paa. Maji yanaingia kwa juu, yanasomba udongo katikati ya tofali, ukuta unafunguka taratibu, nondo za lenta zilizochomoza zinashika kutu. Mpapai umeota katikati ya chumba ambacho kingekuwa darasa la kwanza, na tayari unazaa. Mchana wa jua mbuzi hupumzika humo kwenye kivuli cha ukuta, na miongoni mwao wamo wa kaya ambayo mgambo walikamata mbuzi wake kwa sababu ilichelewesha mchango. Mwenye mbuzi ananiuliza kila tukikutana sokoni, na mimi sina jibu.

Halafu likatokea jambo ambalo liliwaudhi watu kuliko ukuta wenyewe. Fedha za madarasa zilipokuja, kijiji jirani ambacho hakikuwa na boma wala tofali kilipata vyumba viwili kamili, vimepakwa rangi, vina madawati. Sisi hatukupata. Tulipouliza tuliambiwa mwongozo wa fedha zile unataka ujenzi mpya kuanzia msingi, kwa hiyo eneo lenye boma halikufaa. Mheshimiwa Waziri, hebu kaa upande wetu kidogo. Mwananchi anajifunza nini hapo? Anajifunza kwamba aliyekaa kimya kapata, na aliyebeba mchanga kaambiwa eneo lake lina kikwazo. Tangu siku ile ukipiga filimbi ya kuita watu kazini wanakuja wajumbe wa kamati na wazee wawili.

Nasikia maofisini inasemwa kwamba siku hizi wananchi hawana mwamko. Mwamko upo. Harusi zinachangiwa, misiba inachangiwa, makanisa na misikiti inapanda kila mwaka na kuezekwa. Watu wanachangia pale wanapoliona paa.

Suala hili halikuanza jana, na wala halikuanza na awamu hii. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002 sambamba na kufutwa kwa ada, ulijenga madarasa kwa utaratibu wa serikali kuleta fedha na wananchi kuleta nguvu kazi. Shule za kata kuanzia mwaka 2006 zilisimama kwa namna hiyo hiyo, kwa kasi ambayo mpaka leo watu wanaibishania. Mwaka 2007 ukaja MMAM, Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata, na maboma ya zahanati yakajaa nchi nzima. Kila mpango uliwaita wananchi, na kila mpango ulipofika mwisho uliacha nyuma kuta ambazo mpango uliofuata haukuzitambua. Wenzetu Kenya walipitia haya miaka ya 1960 na 1970 kwa shule za harambee: jamii zilijenga haraka kuliko serikali ilivyoweza kuzipatia walimu. Majengo yalikuwapo, makubaliano ya nani afanye nini baadaye ndiyo yaliyokosekana.

Kanuni za michango nazo zimetuchanganya. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 wazazi wengi walielewa kwamba hakuna kuchangia tena kitu chochote. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango mashuleni, kisha ikafafanuliwa kwamba hiari inaruhusiwa ila isipitie mikononi mwa walimu. Sasa hiari ni ipi, ya aliyetoa mkutanoni kwa kunyoosha mkono, au ya aliyekuta mgambo mlangoni? Mtendaji anabanwa na wilaya afikishe lengo la tofali, na huku chini anaambiwa asilazimishe mtu. Huyo naye ni binadamu. Hati ninayoiomba ingemsaidia yeye kuliko mtu mwingine yeyote, maana angekuwa na kitu cha kuwaonyesha wanaomuuliza.

Na sisi wananchi tuna yetu, lazima yasemwe. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu, na ukiitishwa watu wanaulizana kama kuna posho. Vitongoji navyo vinashindana: huyu kaanzisha boma, na yule naye anataka lake, hata kama shule nzima ina upungufu wa chumba kimoja tu. Ukaribiapo uchaguzi, mgombea anamwaga lori la mawe pembeni ya barabara na kuliita mradi. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na maboma matatu yasiyo na paa wakati nguvu ile ile ingemaliza moja. Hati ingetubana na sisi pia. Asiyekuwa na sahihi ya wilaya asianze, awe mwenyekiti, awe diwani, awe mgombea mwenye lori.

Kuhusu yaliyomo ndani yake, sioni haja ya kubuni mambo makubwa. Ramani iambatanishwe tangu mwanzo, ile ya TAMISEMI, ili mwakani tusiambiwe imebadilika. Mhandisi au fundi sanifu wa halmashauri aje mara mbili kabla ya lenta: siku msingi ukiwa shimo, na siku jamvi linamwagwa. Aweke sahihi. Baada ya sahihi hiyo, dosari ikionekana iwe ya halmashauri kuirekebisha, isirudishwe kwa kina mama. Mchango wa wananchi uthaminishwe kwa fedha na uingizwe kwenye vitabu vya halmashauri kama mali iliyopokelewa, na nakala ya kauntabuku iwekwe wilayani. Halafu itajwe robo ya mwaka wa fedha ambayo bati zitafika, na fungu lake, iwe ni mapato ya ndani, Mfuko wa Jimbo au fedha kutoka Hazina.

Najua mtasema fedha haziji kama zilivyopangwa. Tunajua. Pamba nayo haiji kama ilivyopangwa, mwaka huu mvua, mwaka kesho viwavi, mwaka wa tatu bei. Hatuombi uhakika ambao hata sisi hatuna. Mkikwama, andikeni kwamba mmekwama, na barua hiyo isomwe kwenye mkutano mkuu. Na kiwepo kifungu hiki, ambacho kwangu ndicho chenye uzito kuliko vyote: mpaka boma lililoandikiwa lipauliwe, kijiji kisiombwe mchango wa boma jingine, wala asikamatwe mtu mbuzi kwa ajili hiyo.

Kwa maboma ambayo tayari yapo, anzeni na kuyahesabu kwa umri. Kila halmashauri ibandike orodha kwenye ubao wa matangazo wa kata: boma gani, lilianza mwaka gani, linafaa kukamilishwa au halifai, na liko namba ngapi kwenye foleni. Lisilofaa lisemwe halifai, tofali zake zitumike kujenga choo cha shule, watu wajue moja. Fedha mpya zikija, iwe za mkopo, za tozo au za mfadhili, zianze na foleni hiyo. Mwongozo wowote unaosema eneo lenye boma halifai uandikwe upya. Hilo liko mezani kwako, Mheshimiwa Waziri, na halihitaji bajeti.

Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ule tunaouita O&OD, ulipokuja vijijini tulichora ramani za rasilimali chini kwa vijiti, tukapanga vipaumbele, tukapiga kura kwa punje za mahindi. Ulikuwa mzuri, nasema bila kejeli. Ulitufundisha kwamba kijiji kinaweza kupanga. Ulichokosa ni mwisho: mpango ulipanda kata, ukapanda wilaya, na haukuteremka na majibu. Hata “hapana” haikuteremka. Ningefurahi zaidi na hapana iliyoandikwa kuliko ndiyo ya jukwaani, maana kwa hapana ningepeleka tofali zangu kwenye nyumba yangu.

Waheshimiwa Madiwani, ninyi sijawasahau. Kikao chenu cha bajeti kinapoletewa kabrasha, ulizeni swali moja tu: boma la kata yangu liko ukurasa wa ngapi? Kama halipo, msirudi kijijini kutuambia tuongeze tofali.

Mkutano mkuu wetu wa robo hii umepangwa baada ya AMCOS, chama chetu cha ushirika wa mazao, kumaliza kulipa wakulima, siku ya Jumapili alasiri, kwa sababu siku nyingine watu wako shambani. Ajenda ya nne ni nyumba ya mwalimu. Tumemwandikia mkurugenzi wetu kumwomba mhandisi awepo, na nakala ya hati tuliyoipendekeza tumeiambatanisha, imechapwa pande zote mbili za karatasi moja, nafasi ya sahihi yake iko chini kushoto. Mhandisi akija nayo ikiwa imesainiwa, Jumatatu tunaanza kuchimba. Asipokuja, ajenda ya nne tutairuka, tutakwenda ya tano, ambayo ni kisima.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima, mjumbe wa kamati ya ujenzi